Wataliano twawapokea Malindi, sasa zamu yetu kwenda kwao

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii sisi watu wa Malindi hatukuisikia kwa wazee tu, bali tumeila na kuivaa. Tangu miaka ya 1960, Wataliano walipojenga kituo chao cha kurushia roketi pale Ngomeni, na tangu watalii wao walipoanza kuzifuata fukwe zetu na za Watamu, watoto wetu wengi wamesomeshwa kwa chai tuliyowamiminia wageni hao, mashuka tuliyowatandikia na samaki tuliowauzia. Mji umejaa vibao vya Kitaliano, na hata kijana ambaye hakumaliza shule hukwambia buongiorno kama aliyezaliwa Napoli.

Lakini katika miaka yote hiyo ni wachache miongoni mwetu waliojiuliza: je, watu hawa wanapokuja kwetu, kwao wameacha nini? Na je, haiwezekani siku moja mwenyeji naye akawa mgeni? Mimi nilijiuliza, tena nilikuwa na sababu yangu. Leo, msomaji, nataka nikueleze jinsi mimi na mke wangu tulivyoipanga safari ya kwenda kupumzika katika pwani ya Amalfi, huko kusini ya Italia, bila ya kuivunja dini yetu wala kuubomoa mfuko wetu.

AHADI YA MWAKA 1997

Mwaka 1997 nilikuwa mhudumu wa mezani katika hoteli moja ya Malindi. Mwezi wa Agosti fujo zikazuka Likoni, damu ikamwagika, na habari zikafika Ulaya upesi kuliko barua. Watalii wakaikimbia pwani nzima, hata sehemu zilizokuwa mbali na vurugu. Hoteli zikafunga milango, nami nikarudi nyumbani na sare yangu ndani ya mfuko wa karatasi.

Tulikuwa na watoto watatu shuleni. Siku moja mke wangu aliingia chumbani akatoka na bangili sita za dhahabu alizotunzwa na mamake siku ya harusi yetu. Hakusema neno. Alizifunga pembeni mwa leso, akaenda kwa sonara, akarudi na karo ya mwaka mzima. Usiku ule nilimwambia, kwa aibu iliyochanganyika na majigambo ya kiume: "Iko siku nitakupeleka kwao hawa ninaowahudumia, nawe ukae kitini uhudumiwe." Alicheka tu, akaendelea kukuna nazi.

Mahali penyewe nilikuwa nimeshapachagua moyoni. Mzee mmoja kutoka Salerno, aliyependa kukaa meza iliyo karibu na bahari, alikuwa akinichorea kwa kalamu milima iliyoingia majini, na nyumba zilizopandana juu ya milima hiyo kama mayai katika kapu. Akiniambia kwamba kwao mlima na bahari havikuachiana nafasi ya kupita hata punda.

Sasa nimestaafu. Watoto wale watatu wamepata kazi, na mwaka huu wakanikalisha kitako wakaniambia: "Baba, ahadi ni deni." Wakachanga, nami nikatia akiba yangu. Hapo ndipo kazi ilipoanza.

MASUALI YA MWALIMU

Kabla ya kufungua ramani nilimwendea mwalimu wangu wa chuoni, maana sikutaka kufika mbali ndipo nijiulize kama safari hii ni neema au ni israfu. Alinisikiliza, akaniuliza masuali machache.

"Mmeshahiji?"

"Alhamdulillahi, tulihiji pamoja mwaka 2014."

"Una deni la mtu?"

"Sina, maalim."

"Zaka umetoa? Na jamaa wanaokutegemea, wana chakula?"

Nikamjibu kwa kadiri ya ninavyojua. Akasema: "Basi mwanamume kumfurahisha mkewe kwa mali ya halali si dhambi. Dhambi iko katika kufuja na katika kujionyesha. Nenda ukaitazame ardhi ya Mungu, lakini ujichunge."

Nilirudi nyumbani nikidhani kwamba nimemaliza. Kumbe aliyekuwa na masuali magumu zaidi alikuwa jikoni. Mke wangu aliniuliza ni pesa ngapi. Nilipomtajia alikaa kimya kitambo, kisha akasema: "Bwana, chuo chetu kinavuja kila mvua ya masika, na watoto husoma juu ya mikeka iliyoroa. Nitalalaje katika kitanda cha pesa hizo?"

Tukazungumza siku tatu. Mwisho akatoa masharti matatu. Kwanza, sala isipotee hata moja. Pili, asipandishwe ngazi, kwani magoti yake hayamtaki tena. Tatu, na hili ndilo lililonibana hasa, kila usiku tutakaolala katika hoteli ya anasa ulipiwe mara mbili: mara ya kwanza kwa mwenye hoteli, na mara ya pili, kwa kiasi kile kile, kwa paa la chuo, tena la chuo litangulie kulipwa. Nikakubali. Sikujua kwamba masharti hayo ndiyo yatakayoipanga safari vizuri kuliko wakala yeyote.

WAKALA NA SHAMPENI YAKE

Nalikwenda kwa wakala mmoja wa safari, ambaye jina lake halina haja hapa. Akanitolea kijitabu chenye picha za kupendeza, na ndani yake mpango wa "wapendanao wawili": siku saba katika hoteli ya nyota tano mjini Positano, kwa euro 9,800 bila ya nauli ya ndege. Ndani ya bei hiyo mlikuwamo chupa ya shampeni chumbani, siku ya kuonja mvinyo mashambani, na kukandwa mwili pamoja katika chumba kimoja. Nikamwambia, "Ndugu yangu, hivi vitu vitatu sisi hatuvitumii. Viondoe, kisha unipunguzie bei." Akanijibu kwamba vyaweza kuondolewa, ila bei haiondoki.

Nikamshukuru nikatoka. Hili ni funzo la kwanza kwa msomaji: mpango uliotiwa kamba na mtu mwingine huwa umefungwa kwa matamanio yake yeye. Mwislamu akiununua hulipia asivyovinywa. Heri uufungue, uchukue kilicho chako.

PWANI YENYEWE

Pwani ya Amalfi iko kusini ya Napoli, upande wa kusini wa rasi ya Sorrento. Yaanzia Vietri sul Mare karibu na Salerno hadi Positano, na humo mna miji na vijiji 13. Mmoja wao, Atrani, ndio mji mdogo kuliko miji yote ya Italia kwa eneo la ardhi. Mwaka 1997, mwaka ule ule nilipopoteza kazi yangu, shirika la UNESCO liliiingiza pwani hiyo katika orodha ya urithi wa dunia, kama lilivyofanya baadaye kwa mji wetu wa kale wa Lamu mwaka 2001.

Milima yao imekatwa matuta kwa mikono ya watu, yakazuiliwa kwa kuta za mawe zisizotiwa saruji, na juu ya matuta hayo yamepandwa malimau. Limau la kule huitwa sfusato. Ni refu, limechongoka, na ganda lake lina harufu kali. Watu hulikata vipande wakalila na chumvi, kama sisi tunavyokula embe bichi. Na jina lenyewe, limone kwao na limau kwetu, asili yake ni moja, kwani Waarabu ndio walioeneza kilimo cha ndimu na malimau katika nchi za bahari hiyo.

Barabara ni moja tu yenye kufuata pwani, iliyochongwa ubavuni mwa jabali katika karne ya 19. Ni nyembamba, na basi likikutana na basi, mmoja lazima arudi nyuma. Katika siku za msongamano wa kiangazi magari ya kukodi huruhusiwa kwa zamu, kufuata tarakimu ya mwisho ya namba ya gari. Kwa hivyo wazo la kukodi gari nililitupa mapema. Anayetaka raha huko na apite baharini.

DINARI ILIYOFIKA PEMBA NA AMALFI

Hapa ndipo mipango yangu ilipoacha kuwa ya vitanda na nauli tu. Nilipoanza kusoma habari za Amalfi, niligundua kwamba mji huo mdogo, ambao leo wanaukaa watu elfu chache tu, ulikuwa dola ya wafanyabiashara katika karne ya 10 na ya 11, na utajiri wake ulitoka kwa Waislamu. Majahazi ya Amalfi yalikuwa yakienda Sicilia, Tunisia na Misri. Ibn Hawqal, msafiri wa Kiarabu wa karne ya 10, aliusifu kuwa ni mji wenye neema na heshima kuliko miji mingine ya upande ule. Sarafu yao ya dhahabu, iliyoitwa tarì, iliigwa kutoka robo dinari ya Kiarabu, hata ikachorwa maandishi ya kuigiza hati ya Kikufi.

Sasa sikiliza, msomaji. Mwaka 1984 kule Mtambwe Mkuu, Pemba, wachimbuaji wa mambo ya kale waliifukua hazina ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000, nyingi zikiwa na majina ya watawala wa pwani yetu, na pamoja nazo dinari chache za dhahabu, zikiwamo za makhalifa wa Fatimia wa Misri, za karne ya 11. Yaani dhahabu iliyopigwa na dola ile ile, katika zama zile zile, ilikuwa ikihesabiwa na mfanyabiashara wa Pemba na mfanyabiashara wa Amalfi, kila mmoja asijue kama mwenziwe yupo. Nilipomsomea mke wangu habari hii, aliacha kushona akaniambia nirudie.

Alama za uhusiano huo ziko wazi mpaka leo. Ubavuni mwa kanisa kuu la Amalfi kuna ua uitwao Chiostro del Paradiso, uliojengwa baina ya mwaka 1266 na 1268 uwe makaburi ya watukufu wa mji. Matao yake yamepishana na kusukana kama kazi za mafundi wa Kiislamu. Juu mlimani, huko Ravello, jumba la Villa Rufolo la karne ya 13 lina ua wa namna hiyo, na katika majumba ya matajiri wa kale wa sehemu hiyo kumepatikana mabaki ya hamamu. Chini mjini bado lipo jengo lenye matao walimokuwa wakiunda majahazi ya vita, nalo huitwa arsenale. Neno hilo latokana na Kiarabu, dar as-sina'a, nyumba ya sanaa. Mswahili hahitaji mkalimani hapo.

Halafu kuna karatasi. Amalfi ilisifika kwa karatasi iliyotengenezwa kwa vitambaa vilivyotwangwa kwa nguvu ya maji, elimu iliyotoka kwa Waarabu. Mwaka 1231 mfalme Frederick wa Pili alikataza karatasi isitumike kwa hati za serikali, akaamuru ngozi, kwa kuwa hakuiamini. Karatasi ikamshinda. Leo kinu kimoja cha kale kimefanywa makumbusho, nawe waweza kuitazama karatasi ikichotwa katika maji kwa ungo wa waya.

Sitaki lakini kumdanganya mtu kwamba mambo yalikuwa ya udugu mtupu. Mwaka 996, mjini Kairo, merikebu za khalifa ziliungua moto, wafanyabiashara wa Amalfi wakashukiwa, na zaidi ya mia moja wakauawa. Nao wa Amalfi hufanya sherehe kila tarehe 27 Juni kukumbuka tufani ya mwaka 1544, ambayo wao huamini iliwaokoa na merikebu za Khairuddin Barbarossa. Minara ya ulinzi iliyotapakaa pwani yao ilijengwa kwa hofu ya watu wa dini yetu. Nasi tunayo Ngome Yesu ya Mombasa, iliyoanzwa mwaka 1593 na Mreno kwa hofu ya Waturuki, na aliyeichora ramani yake ni Mtaliano, Giovanni Battista Cairati. Nadhani mtu akiyajua haya yote, mazuri na mabaya, hutembea kwa adabu zaidi katika mji wa wenyewe.

MAGOTI NDIYO YALIYOCHAGUA MJI

Kila kijitabu humpeleka mgeni Positano. Ni mji mzuri, hakuna ubishi. Mwandishi wa Kimarekani John Steinbeck aliuandikia makala mwaka 1953 ukajulikana duniani. Lakini Positano ni mji wa ngazi. Ukitoka hotelini kwenda baharini ni ngazi, ukirudi ni ngazi, ukisahau miwani ni ngazi tena. Sharti la pili la mke wangu likaufuta Positano katika daftari langu. Tutautazama tukiwa ndani ya boti.

Nikatafuta mji ulio sawasawa. Nikaupata Maiori, wenye ufuko mrefu kuliko wote katika pwani hiyo na barabara pana ya kutembea jioni. Uwazi ule una historia ya msiba: usiku wa tarehe 25 Oktoba 1954 mvua kubwa iliteremsha mafuriko yaliyoua watu zaidi ya 300 katika Salerno na pwani hii, na sehemu kubwa ya Maiori ikajengwa upya. Wageni wengi huuona hauna haiba kama wenziwe, na kwa sababu hiyo bei zake ni za kiutu. Nimepata chumba chenye roshani kwa euro 140 kwa usiku.

Na anasa je? Anasa nimeiweka Ravello. Mji huu uko juu ya mlima, kiasi cha mita 365 kutoka usawa wa bahari, lakini katikati yake ni tambarare, na gari hukufikisha karibu na uwanja mkuu. Hapo ndipo mwanamuziki wa Kijerumani Richard Wagner alipofika mwaka 1880, akaiona bustani ya Villa Rufolo akasema ameipata bustani aliyokuwa akiitafuta kwa mchezo wake. Tangu mwaka 1953 kumekuwa na tamasha la muziki linalohusishwa na jina lake. Hoteli za hapo nyingine ni majumba ya kale ya watukufu, na wakati wa kiangazi hupita euro 1,000 kwa usiku mmoja. Kwa mwisho wa Septemba nimepewa bei ya euro 900. Kwa sharti la tatu, kila usiku ni euro 1,800. Niliposhika kalamu, siku saba za anasa zikawa siku mbili zenyewe bila ya kuombwa.

Siku hizo mbili nimeziweka mwisho wa safari. Mtu akianza na kitanda cha mfalme, kitanda kitakachofuata hukiona jiwe.

KUFIKA NA WAKATI WA KUFIKA

Agosti usiende. Tarehe 15 ya mwezi huo ni sikukuu yao ya Ferragosto, na Italia nzima huhamia baharini. Mei na Septemba ndiyo miezi ya mtu mwenye akili: bahari ya Septemba bado ina joto, na mabati ya umati yameshapungua kelele.

Kutoka Mombasa waweza kupitia Addis Ababa hadi Roma, au Istanbul hadi Napoli. Uwanja wa ndege wa Salerno nao ulifunguliwa tena kwa abiria Julai 2024, ila ndege zake ni za safari fupi. Sisi tutashukia Roma siku ya Alhamisi. Ijumaa tutasali katika msikiti mkuu wa Roma uliofunguliwa mwaka 1995, uliochorwa na Paolo Portoghesi na wenziwe, nguzo zake zikitanuka juu kama makuti ya mnazi. Jumamosi twapanda gari moshi la kasi hadi Salerno, karibu saa mbili, na kutoka bandarini pale ni boti hadi Maiori. Boti hizo huenda kuanzia masika yao hadi Oktoba, bahari ikikubali.

Viza ni ya Schengen, ada yake euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024. Huombwa si zaidi ya miezi sita na si chini ya siku 15 kabla ya safari, na kwa mara ya kwanza ni lazima uende mwenyewe utie alama za vidole. Utatakiwa bima ya afya isiyopungua euro 30,000, hesabu za benki, na mahali pa kulala. Nawakumbusha Waislamu wenzangu jambo moja: wake zetu hubaki na majina ya baba zao, hivyo katika pasipoti mke na mume huonekana kama watu baki. Chukueni cheti cha ndoa cha Kadhi, na nakala zake mbili, msije mkajieleza mbele ya watu wasiojua desturi yetu.

CHAKULA NA HADHARI ZAKE

Mtu wa pwani hafi njaa Amalfi, kwani samaki ni wao na samaki ni sisi. Kijiji cha Cetara, chenye bandari ya wavuvi, hutengeneza kiungo kiitwacho colatura, maji ya dagaa waliokandamizwa na chumvi kwa miezi mingi ndani ya pipa. Hutiwa katika tambi, na ndani yake hamna ila samaki na chumvi. Kuna pia tambi fupi nene ziitwazo scialatielli, zilizobuniwa na mpishi wa Amalfi, Enrico Cosentino, mwaka 1978, ambazo hupikwa na kome na kamba.

Lakini hatari hujificha kwenye mchuzi. Wapishi wao humimina mvinyo juu ya samaki kama sisi tunavyokamua ndimu. Keki ya delizia al limone mara nyingi huloweshwa limoncello, ambayo ni pombe ya maganda ya malimau. Na ile sfogliatella, mkate mtamu wa tabaka nyembamba unaosifiwa na kila mtu, kwa asili yake hukandwa kwa strutto, nayo strutto ni mafuta ya nguruwe. Haya mimi niliyajua kwa kusimama miaka mingi mlangoni mwa jikoni. Jifunze maneno matatu tu: senza vino, bila mvinyo, senza maiale, bila nguruwe, senza strutto, bila mafuta yake. Yaseme kabla ya kuagiza, tena kwa tabasamu. Mtaliano hachukii mtu anayejali chakula, humheshimu.

SALA, STARA NA BAHARI

Katika vijiji vya pwani ile usitegemee kusikia adhana. Msikiti wa karibu utautafuta Salerno au Napoli. Lakini nilipoitazama dira nilifurahi. Sisi Mombasa kibla chetu ni kaskazini, kule ni kusini-mashariki. Na kwa kuwa pwani yote yaitazama kusini, chumba chenye roshani ya baharini kimekuonyesha takriban upande wa kibla bila ya kuuliza. Juni ingekuwa taabu: magharibi huingia baada ya saa mbili na nusu za usiku, isha karibu saa nne na nusu, na alfajiri saa tisa na nusu. Mwisho wa Septemba magharibi ni karibu saa moja na isha karibu saa mbili na nusu, mtu akapata kulala.

Ama kuoga baharini, ufuko wa Kitaliano mnaujua, maana mumeuona Watamu. Mke wangu si mtu wa kukaa hapo. Lakini huyu ni binti wa Shela ya Malindi aliyejua kuogelea kabla ya kujua kusoma, na kumpeleka baharini asiloe maji ni kumuonea. Nimekodi kwa nusu siku mashua yao ya mbao iitwayo gozzo, kwa euro 350 pamoja na nahodha. Nahodha atatia nanga katika hori lisilo na watu, atakaa omoni akiitazama Italia yake, na sisi tutakuwa tezini na bahari yetu.

HESABU YA MWISHO

Roma siku mbili euro 260. Maiori siku tano euro 700. Ravello siku mbili euro 1,800. Mashua 350. Magari moshi na boti 300. Chakula siku tisa 720. Jumla ni euro 4,130. Ongeza euro 1,800 za paa la chuo, yawa 5,930. Nauli ya ndege, viza na bima ni mbali, kama ilivyokuwa mbali katika bei ya wakala. Yaani siku mbili zaidi, na paa juu, na bado twaishi chini ya zile euro 9,800 kwa karibu euro 3,900.

Euro ilikuwa takriban shilingi 150 nilipopiga hesabu hii, hivyo fungu la chuo lilifika shilingi 270,000. Lilitangulia kulipwa kama tulivyoagana. Mabati yamekwisha kupigwa, na mvua ya kwanza ilipokuja mke wangu alikwenda mwenyewe akasimama ndani, akatazama juu, akarudi. Hapo ndipo aliponiambia: "Sasa niandikie hayo majina ya vyakula, nisije nikalishwa nguruwe."

Viza zetu zingali mezani kwa wenyewe, na viza ni kama mvua, hutoka kwa aliye juu yako. Tukinyimwa, paa litabaki. Tukipewa, mwisho wa Septemba, Inshaallah, kuna mezani mmoja wa Maiori atakayemvutia kiti mwanamke wa Malindi, amuulize atakunywa nini. Nami nitamtazama namna anavyoishika sahani, maana kazi hiyo naijua.

Kwa msomaji mwenye ahadi kama yangu, nasema hivi: usingoje uwe tajiri, na usikope. Uliza dini yako, muulize mwenzako, kisha ndipo uulize bei. Na anayekuja kwetu Malindi tuendelee kumpokea vizuri, kwani huenda siku moja nasi tukabisha hodi kwake.